Mtathmini Aliposimama, Nikafuta Penalti

"Mwamuzi anayejibu tathmini hana nidhamu." Mshauri mpendwa, hayo ni maneno ya mtathmini wetu, mzee anayetupima sisi marefa, na nimeyatii tangu nianze kupuliza filimbi, lakini si kweli, maana utiifu huo ndio ulionifikisha hapa ninapokuomba msaada.

Kila baada ya mechi anaingia chumba cha waamuzi, anatuambia tulipokosea, tunaitikia "sawa, mzee", anaondoka, na kwa kuwa hatuulizi kitu nimejizoesha kumtazama jukwaani mechi ikiendelea, akikunja mikono najua nimeharibu, akiegemea kiti najua niko salama, hadi mwenzangu wa kibendera hunitania, "Wewe bwana unachezesha timu mbili na mzee mmoja." Jumamosi, mechi ya mwisho ya ligi, bila bila, zimebaki dakika chache, beki akamkwatua mshambuliaji ndani ya boksi mbele ya macho yangu, nikapuliza penalti, nikatupa jicho jukwaani nikamwona mzee amesimama anatikisa kichwa, nikaifuta na kusema mshambuliaji kajiangusha. Mshambuliaji hakunitukana. Aliniuliza tu, "Refa, si umeona?" Mechi ikaisha sare, timu yake ikashuka daraja.

Chumbani mzee akanishika bega. "Leo umekomaa. Kukiri kosa mbele ya uwanja mzima si kazi ndogo." Nikasema sawa, mzee. Kisha akamgeukia wa kibendera na kulalamika kwamba mkewe alimpigia simu mechi ikielekea mwisho, gesi imeisha, "nikasimama pale natikisa kichwa kama mwehu, mtungi wenyewe juzi tu umejazwa." Sasa kanipendekeza ligi kuu kwa ujasiri ule, mke wangu ameshawatangazia majirani na mashemeji, nami usingizi sina. Ninyamaze au niseme?

Refa asiyelala

Ndugu refa,

Pole, kisha nikugombeze. Gesi haina kosa. Uliona rafu kwa macho yako, ukaenda kuomba ruhusa kwa mtu anayewaza chakula cha jioni. Mtathmini amekosea kuwafunga midomo, na yeye nitamfikia, lakini shingo iliyogeuka jukwaani ni yako. Usiniambie ulikuwa unatii. Hakuna aliyekuagiza chochote, ulikuwa unasoma mabega ya mtu.

Huko ligi kuu majukwaa ni makubwa zaidi. Watu watasimama kwa mamia wakitafuta choo. Utafuta penalti ngapi?

Basi, kabla majina hayajapitishwa, nenda kwa mtathmini, mwambie ulichokiona na kwa nini ulikifuta. Akisema huna nidhamu, kayarudie hayo hayo mbele ya kamati ya waamuzi. Kisha mtafute yule mshambuliaji. Matokeo hayabadiliki, ila alikuuliza swali ukamgeuzia mgongo. Mjibu kwamba uliona. Mkeo naye ayasikie kwako, si kwa majirani. Ligi kuu ikikupita, ikupite.

Nanyi watathmini mnaosoma ukurasa huu, msicheke. Refa asiyeruhusiwa kuuliza hubaki kukisia, na akikisia vibaya timu inashuka. Msimu ujao simu zibaki mfukoni. Mkishasema yenu chumbani, msitoke. Vuteni kiti, mumuulize mwamuzi, "Wewe uliona nini?" Halafu nyamazeni mpaka amalize.