Vidonge vya Nyapara

Tarehe 4 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Wajukuu wazima? Mimi kichwa kinanigonga. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunikatiza.

Nimeingizwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha ya kichwa. Daktari anasema nina uvimbe kichwani, ila kuna aina mbili, na kwenye picha zinafanana kama mapacha. Moja inakatwa kwa kisu. Nyingine haikatwi, inatibiwa kwa dawa. Eti nirudi kupiga picha nyingine, kisha watoboe fuvu wachukue kinyama cha uvimbe wapime. Mashine kubwa kama chumba, bado hajui? Kuna kitu ananificha. Na vidonge vya kupunguza uvimbe kaninyima. Hata kwa marehemu mama yako walisema "tunaangalia". Tukazika.

Baba yako

Tarehe 9 Machi

Baba, shikamoo. Sisi wazima, roho ndiyo haina raha.

Nimempigia daktari. Hakufichi. Aina moja, ile isiyokatwa, ikipata vile vidonge inanywea, picha inadanganya, na kinyama hakisomeki. Akikosea, utapasuliwa kichwa bure. Tafadhali usimeze kitu.

Binti yako

Tarehe 14 Machi

Marahaba mama.

Kumbe mnanisema nyuma yangu? Kakulisha nini huyo?

Barua imenikuta nimeshameza. Nyapara wetu wa ujenzi alikuwa na vidonge hivyo hivyo vya mkewe, akanigawia. Kichwa chepesi! Jana nimepandisha zege ghorofani, vijana wananiita Bwana Harusi. Sasa nani mwongo?

Baba yako

Tarehe 18 Machi

Shikamoo baba. Hali siulizi, utasema nzuri.

Mpelekee daktari hivyo vidonge leo. Usiviache ghafla, ni hatari. Usipoionea huruma nafsi yako, nionee mimi. Nimebaki na mzazi mmoja.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Marahaba mama. Wasalimie wajukuu zangu.

Nimekwenda kwa daktari. Nikamwekea vidonge mezani, nikangoja matusi. Akavihesabu. Tukapiga picha. Uvimbe umebaki kama punje. Nikamwambia, "Umeona?" Hakucheka. Anasema kunywea hivyo kunamfanya ashuku ule wa dawa, usiokatwa. Ila kushuku si kujua, na sasa hakuna cha kupima. Ananipunguzia vidonge kidogo kidogo, tungoje uote tena.

"Usipoota?"

"Utaota, mzee."

Hilo nimemwamini.

Basi nakaa nangoja adui yangu anenepe. Leo asubuhi nimeamka naona milango miwili, na chumba changu kina mmoja. Nikafurahi, mama, nikasema huyo anakuja. Njoo unishike mkono, nisije nikapita ule usiokuwepo.

Baba yako