Mizizi ya Vudee na damu yangu

Same, Jumanne usiku

Rajabu hakuniamini, na siwezi kumlaumu.

Asubuhi kipimo cha kidole kilitoa sukari nzuri, nikajigamba mpaka foleni yote hospitalini ikanigeukia. Nikawaambia ni mizizi niliyochimba mwenyewe Vudee, kwenye mwamba ambao hata nyani wanauogopa.

Namsifu, mtoto wa dada yangu, yuko maabara pale. Akaniita pembeni.

"Mjomba, hiyo ni sukari ya leo, na hujala tangu jana. Sukari hung'ang'ania protini za damu kwa wiki kadhaa. Tukizipima hizo, tunakokotoa ilivyokuwa huko nyuma."

Akanionyesha kwenye kompyuta mchoro wa vipimo hivyo vya damu yangu, cha leo na vya miezi ya nyuma. Hesabu ziliniacha darasa la tano, lakini mstari unaopanda naujua. Ulikuwa unapanda tangu nianze mizizi.

Nimeogopa kwa ajili yangu, sikatai. Ila Rajabu wa Kisiwani, naye ana sukari kama mimi, aliacha vidonge vyake akanywa mizizi kwa maneno yangu, na sasa ana kidonda mguuni kisichopona.

Jioni nikampigia, nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa.

"Bwana wewe, juzi umemfukuza tembo kwa kofia, leo damu yako inakusengenya? Hii umeitunga vizuri kuliko zote."

Nikamwapia. Akacheka zaidi, akasema sufuria ya mizizi iko jikoni inachemka.

Kesho naenda kwake na Namsifu. Nimemwomba azungumze yeye. Mimi nitakaa kimya kando, maana nikifungua mdomo tu, Rajabu ataanza kucheka.