Damu ya Khadidja kwenye Bariyeri

Laure, mdogo wangu Khadidja amerudi. Hakupimwa. Sijui hata nianzie wapi.

Unajua tangu apasuliwe moyo Nairobi anakunywa vile vidonge vya kuzuia damu isigande. Wiki hii fizi zinavuja, mapaja yamejaa alama nyeusi, na mabomu yalimfungia ndani siku nne. Leo asubuhi kumetulia, akatoka mtaani kwetu Nyakabiga kwa miguu kwenda kupimwa kama dawa imeifanya damu nyepesi mno.

Kwenye bariyeri ya askari pua ikaanza kumwaga. Hajajigonga, hajaguswa na mtu! Mtandio wote mwekundu.

Askari akamuuliza: "Hii damu ya nani?"

Damu ya nani, Laure! Akajibu, "Ni yangu. Ni dawa nakunywa."

Askari akacheka: "Dawa gani inatoa watu damu? We umetoka kupigana wapi?"

Wakamkalisha juani masaa mawili, amejibana pua, na majirani wanapita wakitazama pembeni. Majirani zetu, Laure!

Walipomwachia akafika hospitali, daktari akamwambia vifaa vya kipimo vimekwisha na barabara ya kuvileta imefungwa. "Punguza dawa, mama, unywe nusu kidonge, tuone."

"Tuone nini?" akauliza. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Sasa amekaa kitandani, kidonge mkononi. Akiacha, damu itaganda moyoni. Akinywa, ataendelea kuvuja.

"Dada, mi nifanye nini?"

Amekimeza kizima, akageukia ukutani.