Chai ya Matanga

Kashuga, Jumatatu. Ukungu tangu asubuhi.

Nimefungua mlango nikaona weupe tu. Nikamuuliza mke wangu kama ukungu umeshuka. Akasema umeshuka. Nikamuuliza tena. "Papa Esther, ni ukungu. Umeanza kuzeeka ao?" Sikuwa nimemwambia bado.

Hapa Masisi ukungu ni jirani wa kila siku. Sijawahi kuufurahia kama leo.

Naogopa. Acha niandike kwa nini.

Jumamosi tulimaliza matanga ya mama mzee wa nyumba ya pili. Chefu wa kijiji amekataza kanyanga, ile pombe kali inayopikwa huku kwetu kwa kujificha, tangu vijana walipokatana mapanga sokoni. Anayeshikwa nayo analala kasho, amefungiwa na polisi. Siku amri iliposomwa nilicheka. Nilisema mdomo ni wangu, tumbo ni langu, chefu achunge mbuzi wake. Fundi wa cherehani, wateja wakiwa wanangojea suruali zao, anakuwa na maoni mengi.

Basi kanyanga ikafika matangani ndani ya termosi ya chai. Ikaja na vikombe vya chai, na sukari pembeni kwa heshima ya polisi aliyekuwa amekaa pale. Polisi naye alikunywa chai. Akaomba tena.

Kosa letu ni hili. Kwetu anayekugawia pombe anaionja kwanza mbele yako, umwone anameza. Si adabu tu, watu wanaogopa sumu. Lakini nani anaonja chai? Binti wa marehemu angeonja, kila mtu angejua ndani ya termosi iko nini. Kwa hiyo akamimina tu, na sisi tukamsifu moyoni kwamba ana akili.

Hakuna aliyeonja.

Jana Papa Riziki, jirani yangu, niliyekuwa nimekaa naye bega kwa bega siku ile, aliamka akimwomba mke wake afungue dirisha. Mama Riziki akamjibu, "Lakini iko wazi."

Walimpitisha kwenye kituo cha afya, kisha wakampakia kwenye moto, pikipiki ya kukodi, hadi hospitali kubwa. Kijiji kizima kilisema ni malaria imepanda kichwani. Mimi nilitikisa kichwa kukubali, nikarudi kwenye cherehani.

Tangu hapo natia uzi kwenye sindano. Natia, natoa, natia. Suruali ya mwalimu iko pale, ina mguu mmoja. Leo, ukungu ulipoanza kupungua, uzi ukapita pembeni ya tundu. Nikajiambia ni mkono unatetemeka. Ukapita pembeni tena.

Njo nikamwambia mke wangu. Hakunifokea, na hilo likanitisha zaidi. Alitafuta tu viatu vyangu.

Kwenye kituo cha afya, benchi lilikuwa limejaa watu wa matanga. Kila mmoja alikuwa na malaria. Polisi alikaa mwisho kabisa, kofia mapajani, naye malaria. Muganga alituchoma vidole mmoja mmoja, kipimo cha malaria kikawa kinakataa. Akatuangalia. Tukaangalia chini. Sisi tulimwogopa polisi, polisi alituogopa sisi.

Nikafikiria kasho. Nikafikiria dirisha la Papa Riziki. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyejisifu kwamba mdomo ni wangu. Basi ufanye kazi.

"Muganga, mimi sina malaria. Nilikunywa chai ya matanga."

"Chai gani?"

Polisi njo alijibu, kabla yangu. "Ya kanyanga. Na mimi pia."

Benchi zima likaanza kusema kwa pamoja.

Muganga hakutugombeza. Alisema labda mtu aliongeza kitu ndani ili iwe kali, na kitu kama hicho macho yanaweza kukisikia kwa kuchelewa. Ametulaza wote. Kisha akapiga simu hospitali kubwa, na sauti yake ilikuwa chini, lakini nilisikia: jana Papa Riziki alipewa dawa ya malaria. Kwa sababu ndivyo tulivyosema.

Tangu hapo nazungusha jambo hili kichwani. Chefu asingekataza, binti angeonja. Aliyepika angeogopa Mungu, tusingekuwa hapa. Nikiwahesabia wote makosa yao, bado linabaki la mkono wangu wa kulia. Ulinyanyua kikombe na hakuna aliyeusukuma. Sasa umefungwa serum, yale maji ya dawa yanayoingia kwa mshipa, naandika kwa wa kushoto, herufi moja moja. Bado naziona. Nimepandisha mwanga wa simu hadi mwisho, lakini naziona.

Mke wangu amechomeka sindano kwenye kola ya shati langu, na kipande cha uzi.

Kesho nikiamka sitamuuliza mtu kama kuna ukungu. Nitatafuta lile tundu.