Sanduku la Dagaa Lililoshinda Mvua

Mpendwa wifi Konsolata,

Tangu uvuke mpaka kwenda Rumonge, Burundi, kumuuguza mama yako, nakuongelesha kila ninapoanika dagaa. Leo nimeona niandike, na wengine wasome.

Unakumbuka masika yale tulipofukia dagaa wa siku mbili hapa Ujiji, wameoza kwa kukosa jua? Nililia, nikasema naacha biashara. Ukakaza kitenge kiunoni. "Wifi, acha kulia. Tuwajengee dagaa nyumba, jua liingie, mvua ibaki nje."

Tukapigilia sanduku la mbao, tukatandaza wavu ndani, tukafunika kwa nailoni. Nilitaka tulijaze siku hiyohiyo, ukakataa. "Bakuli moja kwanza. Tukikosea, tukosee bakuli moja."

Kweli, jioni dagaa walikuwa wamechemka kwa jasho lao, wananuka. Kesho yake ukatoboa matundu; hewa ikapita, na nzi wakapita pia. Ukayaziba kwa kipande cha chandarua. Mvua ikaja, maji yakatuama juu, nailoni ikapasuka. Kaka yangu, mumeo, akacheka: "Mnaanika au mnaoga?" Ukachukua nyundo, ukapigilia nailoni mpya, ukainua upande mmoja ili maji yateremke. Halafu ukaitwa nyumbani kwenu, kazi haijaisha.

Niliendelea na bakuli mojamoja. Nikaona dagaa wa chini hawakauki; nikatoboa ubao wa chini, nikaliinua sanduku juu ya matofali. Wakakauka, wifi, mpaka wakawa wanavunjika mkononi!

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku tatu. Kila jua lilipochungulia, sanduku lilifanya kazi. Siku ya nne, wenzetu wakiwa wanafukia dagaa wao, nililifungua mbele ya wanawake wa mtaa wetu wa Kasingirima. Dagaa wanang'aa, hawana hata chembe ya mchanga. Mama Rehema, muuzaji mwenzetu, akamtafuna mmoja, akamtafuna mwingine.

"Nani kakufundisha?"

"Wifi yangu."

Vigelegele vikapigwa palepale kwenye matope.

Sasa tuna masanduku manne, na fundi ni mumeo. Anajisifu utadhani alibuni yeye. Namwacha tu. Nina furaha mpaka naona aibu, maana nusu ya furaha hii ni yako na hupo. Ila jina lako lipo. Hapa ufuoni hakuna anayesema sanduku tena. Asubuhi wanaulizana, "Leo umeanika kwenye Konsolata?"

Mpe mama pole, umwambie hivyo.

Wifi yako akupendaye,
wa Ujiji