Motokari ya Viti Viwili

Kalemie, Jumamosi mchana

Tangu asubuhi mvua inatishia tu. Wingu jeusi limekaa juu ya ziwa, halisogei, na joto limebana mpaka mbwa wa mtaa wamekosa hamu ya kubweka. Ninaandika nikiwa nimeketi juu ya furushi la nguo.

Jana motokari ya mume wangu, Anselmi, iliondoka.

Acha niieleze, maana sidhani kama nitaiona tena. Ilikuwa gari la spoti la Kiitaliano, jekundu, fupi, la viti viwili tu. Mzungu mmoja mwenye biashara ya samaki alimuuzia mume wangu zamani, wakati wazungu walipoambiwa na serikali kwamba maduka yao si yao tena. Anselmi ni fundi wa vichwa vya treni kwenye depo ya reli. Wiki nzima alikuwa wa reli, Jumapili alikuwa wa ile gari. Rangi yake ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani. Gurudumu la akiba halijawahi kugusa udongo. Binti yetu Yolanda, kabla ya kuolewa Kigoma, alikua akipakatwa magotini pangu ndani yake.

Mishahara ya reli ilipokatika, tulianza kusema tuiuze. Taabu ilikuwa bei. Anselmi hakutaka kuitaja kwa noti za zaire, kwa sababu zaire za asubuhi jioni zinakuwa karatasi. Aliipima kwa nyumba: nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati mpya. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Papa Shabani, mtu wa kwenda na kurudi Kigoma. Akaizunguka, akapiga magoti kutazama chini, akasema hajapata kuona gari la umri ule lisilo na kutu. Akasema atatoa mashine ya mtumbwi, karibu mpya. Anselmi akacheka.

"Kitu kilichotunzwa hakiuzwi bei ya kitu kilichochoka," alimwambia.

Mimi ile mashine niliitaka. Papa Shabani akaenda zake.

Halafu askari wa serikali wakaanza kushuka kutoka vitani kaskazini, kwa miguu, wengine bila viatu. Habari walizokuja nazo hazikuwa za ushindi. Wakaanza kuchukua magari. Jumapili iliyopita walimchukua jirani yetu, Papa Kasongo, pamoja na lori lake. "Jioni atarudi," walimwambia mkewe. Lori limeonekana kwenye barabara ya Nyunzu, mtu mwingine akiliendesha.

Hawachukui gari peke yake. Wanachukua na mwenye kulijua.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Alikuja komanda mmoja, mrefu, mpole wa sauti, buti zake zinang'aa. Nyuma yake alikuja shofere wa kumwendesha, kaporali anayeitwa Elonga.

"Bonjour, Mama. Njo hapa kwa fundi?"

Ningesema kwamba siyo hapa? Anselmi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia gari mkononi. Komanda akaingia garaji bila kungoja jibu, akaketi kwenye usukani.

"Viti viwili tu?"

"Viwili tu, Komanda," Anselmi akajibu.

"Nzuri. Lori, askari wote wanapanda."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtu huyu alikuwa anawakimbia askari wake mwenyewe.

"Bei gani?" akauliza.

Nilimwona Anselmi anafungua mdomo. Nilijua atataja nyumba. Nilijua pia kwamba mtu mwenye bunduki habishaniwi bei. Nikamtangulia. Nikataja bei ndogo, bei ya baiskeli, ili achukue, aende, atuachie uhai wetu.

Komanda akaacha kutabasamu. Akashuka, akaitazama gari kuanzia taa mpaka nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Mama, kitu kizuri hivi, bei ya baiskeli? Muntu anauza hivyo, iko kitu anaficha." Akamgeukia mume wangu. "Kesho jioni ninatoka kwenda Moba. Papa, weye njo utaniendesha. Kama inakufa njiani, utakuwa pale."

"Komanda, barabara ya Moba itaivunja tumbo. Gari iko chini sana."

"Itafika. Utaifikisha."

Bei niliyoitaja ili kumwokoa mume wangu ndiyo iliyomtia ndani ya ile gari.

Aliyetuokoa, kama ameokoa, ni yule kaporali. Nilimwona anahesabu viti kwa macho. Komanda kimoja, Anselmi kimoja. Yeye je?

"Mon commandant, mimi njo shofere yako."

"Weye unajua malori."

"Hii nitajua kesho."

Komanda akacheka, akaona ni mchezo mzuri. "Haya. Kesho jioni, kama unaendesha vizuri, utaendesha. Kama hapana, Papa." Akatupa bunda la noti juu ya boneti. Bei haikurudiwa tena.

Kwa hiyo jana, tangu alfajiri, Anselmi alikuwa anamfundisha yule kijana wa mkoa wa Équateur kuendesha gari alilolilea kama mtoto. Nilikuwa jikoni na kila kitu nilikisikia. Vitesi, zile gia, vilikuwa vinasaga meno. Gari linaruka, linazimika. Anselmi anapiga kelele: "Taratibu! Unaua! Unamuua!" Kaporali naye anajibu kwa Kilingala, na sikuhitaji kukijua Kilingala.

Nilitoka, nikamvuta mume wangu mpaka jikoni.

"Anavunja vitesi, husikii?" akasema.

"Ninasikia. Acha avunje."

"Mama Yolanda, miaka yote hii..."

"Anselmi. Leo jioni nani ataketi kwenye kile kiti?"

Akaketi juu ya bidoni la maji, akaviangalia viganja vyake. Sijawahi kumwona ameketi hivyo, hata siku tulipomzika mama yake. Baadaye akainuka, akarudi garini. Kutoka dirishani nikaona ameweka kiganja chake juu ya mkono wa kaporali, juu ya fimbo ya vitesi. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Usimusukume. Umungojee, atakuja mwenyewe."

Mchana nilimpa Elonga bukari, ugali wetu, na ndakala, dagaa wa ziwa. Alikula amesimama, macho barabarani.

"Mama, wenzangu wakijua kama Komanda anakwenda na mimi ninabaki hapa..." Hasira zao zingemwishia yeye. Kumbe naye ni mtoto wa mtu.

Jioni Komanda alikuja kwa miguu, amevaa nguo za kiraia, na mfuko mmoja. Akaingia. Elonga akawasha, akatoka langoni vizuri kabisa. Nikaanza kupumua. Walipofika pale kwenye kona, gari likazimika.

Elonga akahangaika na ufunguo.

Mwili wa Anselmi ulianza kwenda wenyewe. Kwake gari likizimika, mtu anakwenda, hafikirii. Nilishika shati lake kwa nyuma kwa mikono miwili mpaka kifungo kikakatika. Pale kwenye kona, mkono wa Komanda ukatoka dirishani. Kidole kikakunjwa: njoo.

Nikasema moyoni: Mungu wangu, tafadhali, mashine iwake tu, ninaomba mashine tu.

Ikawaka. Ikakohoa, ikashika. Mkono ulikuwa bado nje walipoondoka kuelekea daraja la Lukuga.

"Ilikuwa breki ya mkono," Anselmi akasema. "Hakuiachilia mpaka chini. Nilitaka tu kumwambia."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nililala kama mtu aliyepona homa.

Leo asubuhi Mama Kasongo aliingia lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, mara ya kwanza tangu mumewe achukuliwe. Hakuketi.

"Mama Yolanda, askari wamejaa kwenye gare ya treni. Wameamka, Komanda hayuko. Wanauliza kila muntu: nani alimuuzia motokari?"

Kalemie nzima kuna gari moja tu jekundu la viti viwili. Swali hilo hata mtoto wa shule analijibu.

Anselmi amekwenda kwa Papa Shabani, ambaye mtumbwi wake unatoka leo kurudi Kigoma. Zile noti za Komanda Papa Shabani amezikataa, hata kuzigusa hakutaka. Amechukua boksi la vyombo vya kazi vya Anselmi, funguo zote, nyundo zote, kila kitu ambacho mikono ya mume wangu inakijua. Ndiyo nauli yetu. Bei aliyoitaja Papa Shabani hakuna aliyeibishia.

Nimekwenda kwa Mama Kasongo, nikamwambia aje nasi. Nafasi ipo, nimeulizia. Alitikisa kichwa.

"Kasongo akirudi atanikuta wapi?"

Nimerudi, nimefunga furushi hili, na Anselmi ananingoja chini kwenye maji. Dakika zinakwenda. Lakini nimekaa hapa ninaandika, kwa sababu kuna kitu kinanizuia kuinuka, na sasa hivi nimekijua.

Ua kati ya lupango letu na lake ni matete tu. Wakifika hapa, wakakuta mlango umefungwa na garaji tupu, watabisha wapi?

Ninakunja karatasi hii. Ninakwenda kwake tena, na safari hii sitaomba. Nitamshika mkono, akitaka apige kelele.