Baba Mwanaidi, Mkono Wako Unatakiwa Mafiga

Mwanaidi anaolewa! Ndiyo, Mwanaidi wako, yule uliyemwacha meno ya mbele yameng'oka, mapya hayajaota. Salamu zitafuata nikipoa.

Baba Mwanaidi,

Nimepoa kidogo. Hujambo? Sisi wazima, tena wazima kuliko ulivyotuacha. Naandika wazi, bila bahasha, kwa sababu ukiona namba ya mtu wa Morogoro simu hupokei. Atakayeishika barua hii huko Pangani akusomee kwa sauti, palepale kwenye cherehani yako, wateja wasikie.

Binti yako ni mwalimu wa hesabu, Kihonda. Wazazi wa wanafunzi wananisalimia sokoni, "Shikamoo mama yake Madamu," na mimi naitikia taratibu ili wa genge la pili asikie. Mchumba wake ni bwana mifugo, kijana mpole, ananibebea magunia bila kuambiwa. Mimi na genge langu la mboga ndio tuliomsomesha huyo mtoto. Nasema bila haya.

Unakumbuka safari yetu? Wazo lilikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma. Masika yameisha, kipupwe kimeingia, wingu limelala juu ya Uluguru wiki nzima, nikakwambia, "Na sisi twende tukapumzike baharini kama watu." Mtoto tukampeleka Matombo kwa mama yangu. Majirani wote wa mtaa wetu wa Mafiga niliwaaga, hata wasioniuliza.

Siku tatu Pangani, Baba Mwanaidi. Nilikaa kwenye mkeka sina jiko, sina genge, naangalia maji tu. Wewe ulikunja suruali ukanivuta mkono, mimi mtoto wa milimani natetemeka. "Usiogope, mke wangu. Huu ni Mto Morogoro, wameutia chumvi tu." Nilicheka mpaka kanga ikaloa.

Na pale nyumba ya wageni, nani alimsifu yule mpishi? Mimi! Kwa mdomo wangu huu! "Dada, samaki wako wa kupaka hana mfano, hebu muongeze mume wangu." Akakuongeza. Miezi mitatu baadaye ukasema unarudi Pangani kushona sare za shule, wiki mbili tu. Wiki mbili zako zina miaka kumi na mitano. Talaka hukuleta, mwenyewe hukuja, na habari kwamba umemuoa mpishi nikaletewa na muuza dagaa, huku ananipimia.

Nilikuwa nimerudi na chupa ya maji ya bahari, nawaonyesha majirani. Siku ile niliimwaga bustanini kwa hasira. Tuta zima la mchicha likafa.

Kukukosa nimezoea. Lakini siku tatu zile ndizo pekee maishani mwangu nilizokaa bila kazi, na siwezi kuzikumbuka bila kukuona unaongezwa samaki. Umenichukulia hata mapumziko yangu. Hilo sijakusamehe, na leo sikusamehe.

Sasa sikiliza kilichotokea. Posa ilipoletwa, kaka yangu Ramadhani alikaa mbele. Unatujua Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Akapokea, akala pilau, akapanga siku, kadi zikagawiwa. Mimi nikawa natangaza kila kona kwamba mwanangu hana haja ya baba. Juzi tukaenda kwa shehe.

"Walii wa binti ni nani?"

"Ni mimi," kaka akajibu, kifua mbele.

"Wewe ni nani wake?"

"Mjomba!"

"Mjomba si walii, mzee wangu. Baba yake yupo?"

Kaka akanitazama mimi. "Yupo Pangani," nikasema, "anashona."

"Basi anayeozesha ni huyo anayeshona."

Tulitoka pale hatuangaliani. Kadi mia zimeshatoka, Baba Mwanaidi, na mjomba tuliyemsimamisha ni mtu wa kula pilau tu!

Shehe alisema ukishindwa kuja unaweza kumweka mtu akuwakilishe. Mwanaidi hataki kusikia. Anasema, "Mama, nataka mkono wa baba ndio ushike mkono wa mume wangu. La sivyo, harusi isubiri." Nilifoka. Nikamuuliza huyo baba alimshika mkono lini tangu ajue kusoma. Akanitolea mkebe wa maziwa. Ndani kuna kile kipimio chako cha kushonea, kimekunjwa vilevile ulivyokiacha. Miaka yote hiyo amekificha, nisije nikakitupa. Na kweli ningekitupa.

Kwa hiyo sikuiti mimi. Mimi nisingekuita hata nyumba ikiungua. Anakuita yeye, na nimeshindwa kumkatalia. Usije na gauni, limeshashonwa. Usije na maneno. Vaa kanzu iliyopigwa pasi, uje na huo mkono. Na mkeo mlete, watu wasiseme nimekunyima mlango. Ila jikoni kwangu asikanyage.

Kwaheri mpaka nikuone, kama nitakuona.

Ni mimi, mama wa bibi harusi. Watu wote wanakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, baada ya sala ya adhuhuri.